Mbegu za Mabenda: Mnakula Bora, Mnabakiza Makapi

Tangu Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua, Novemba 2025, kwamba ni kinyume cha Katiba kumfanya mkulima mhalifu kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu zake za asili, simu za ofisi yetu ya kilimo hazipoi. Wengi huuliza kama sasa wanaweza kumpa jirani mbegu za mabenda (bamia). Mpe. Swali la pili huja kama lawama: mabenda ya siku hizi ni mafupi na makamba matupu, serikali imetuharibia mbegu.

Hapo naomba tuelewane.

Mama mmoja wa Rabai alinionyesha mbegu zake kwenye chupa ya soda. "Hizi aliniachia mama mkwe, bwana afisa, lakini zimebadilika." Chupa ilikuwa imetoa jasho ndani. Nikamuuliza huzitoa kwenye mabenda gani. "Yale yanayobaki." Jibu hilo nalisikia kila kijiji. Mabenda ya kwanza, marefu na laini, yameshaingia sufuriani au yamepanda matatu kwenda sokoni. Yaliyosahaulika chini ya majani, ya shina lililodumaa, ndiyo yanayoachwa yakauke. Rudia hivyo misimu mitano uone. Mbegu hujaibiwa na mtu, umezichuja kinyumenyume.

Kupanda mnajua, sitawafundisha. Mbegu ndiyo kazi. Mapema, kabla uchumaji haujashika kasi, chagua mashina kumi au zaidi yenye afya na mazao unayoyapenda, uyafunge uzi mwekundu. Watoto na wageni waambiwe hayo hayachumwi. Shina lenye mishipa ya njano kwenye majani ling'oe, ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe. Ukikuta vinundu mizizini ni minyoo fundo: hapo msimu ujao weka mahindi, si nyanya wala biringanya.

Ua la mabenda hufunguka asubuhi, la njano lenye zambarau iliyoiva katikati, likanywea siku hiyohiyo. Hujichavusha lenyewe, ila nyuki hawajui mpaka wa shamba. Jirani akipanda aina nyingine, tuseme Pusa Sawani ya agroveti, mbegu zako zitachanganyika. Basi jioni, chipukizi la ua likianza kuonyesha njano, lifunge ncha kwa uzi au ulivishe kifuko cha kitambaa chepesi. Likishanyauka, toa kifuko, uache uzi wa alama. Tunda likae shinani kama mwezi mmoja na zaidi, hadi liwe kahawia na lianze kupasuka mistarini. Kausha mbegu kivulini mpaka ukiuma inavunjika, haibonyei. Ndipo uzitie chupani pamoja na jivu kavu. Chupa ikitoa jasho, zimwage uzianike tena.

Sasa sheria, maana hukumu wengine wameisoma nusu. Jirani kumpa jirani mbegu za asili ni jambo moja. Kufungasha mbegu na kuziuza madukani kama kampuni ni jambo jingine. Kwa muuzaji wa mbegu asiyesajiliwa, Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, imekuwa ikitaja faini hadi shilingi milioni 1, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Kabla ya kufungua biashara ya pakiti, ulizeni KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, msiulize WhatsApp.

Pakiti yenye lebo ya KEPHIS ya kukwangua, ikwangue na utume namba kwa 1393. Utajibiwa ni mbegu gani. Iliyoandikwa F1, yaani mbegu chotara, usitarajie watoto wafanane na mzazi. Hiyo ndiyo tabia ya chotara, wala si njama ya mtu.

Anayelalamikia mbegu ya dukani aje na pakiti, risiti, namba ya fungu na tarehe aliyopanda, na aache sehemu ya mbegu bila kuipanda ili tuipime. Bila pakiti hatuna pa kuanzia. Na tafadhali, msituletee mabenda yaliyokwisha kupikwa.