Kuongeza kasi ya prosesa za zamani: dhana potofu kuhusu bodi na vipoza joto

Prosesa ya Intel Core i5-2500K iliingia sokoni Januari 2011 ikiwa na kasi ya msingi ya GHz 3.3, na mpaka sasa ni miongoni mwa prosesa za umri wake zinazoweza kufikishwa GHz 4.4 au 4.5 na kutumika kwa kazi za kila siku bila vituko, mradi imepata mazingira yanayoifaa. Kwa kuwa sasa inapatikana mtumba kwa bei nafuu, wapo wengi wanaoinunua, pamoja na ndugu zake i7-2600K na i5-3570K, kisha wanatafuta ubao mama (bodi kuu ambamo prosesa hukaa) na kipoza joto cha kwenda nacho. Hapo ndipo wanapokutana na ushauri uliokusudiwa prosesa nyingine za enzi nyingine. Ninavyoona mimi, pesa nyingi hupotea kwa sababu watu huanza kuwaza kipoza joto, ilhali jambo la kwanza ni bodi: chipseti yake (chipu inayoratibu vifaa vya bodi), na saketi inayoilisha prosesa umeme.

"Bodi yoyote yenye soketi inayolingana itafaa"

Soketi ikilingana, prosesa itakaa na kompyuta itawaka, lakini ruhusa ya kuongeza kasi hutolewa na chipseti. Kwenye LGA 1155, ambayo ndiyo soketi ya prosesa hizi, chipseti za P67, Z68, Z75 na Z77 ndizo zinazokuachia kubadili kizidishi cha prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina, yaani zilizofunguliwa kizidishi. H61, H67, B75, Q67 na Q77 hazikuachii. Kasi ya prosesa hizi hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi ya MHz 100 kwa kizidishi, kwa hiyo 33 inakupa GHz 3.3 na 45 inakupa GHz 4.5. Kizidishi kikifungwa, njia inayobaki ni kuisogeza saa ya msingi yenyewe, na hapo mlango ni mwembamba mno, kwa sababu katika kizazi hiki saa hiyohiyo ndiyo inayoendesha PCIe (njia ya kadi za picha), SATA (njia ya diski) na USB. Ukiisukuma zaidi ya megahezi chache, diski huanza kupotea au kuandika data yenye makosa.

Wanaosema "pandisha tu saa ya msingi" hawajabuni uongo; wanakumbuka mambo ya LGA 775, soketi ya zamani zaidi. Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007 ilikuwa na kizidishi cha 9 na saa ya MHz 266, jumla GHz 2.4, na kwenye bodi nzuri ya P35 au P45 ilitosha kuifikisha saa hiyo MHz 333 ili kupata GHz 3.0, huku PCIe ikibaki na saa yake pekee. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa mashine zile.

Dhana hii huwaumiza hasa wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq 8300 Elite, ambazo zimejaa katika maduka ya mtumba ya Dar es Salaam na Nairobi. Zote mbili zina chipseti ya Q77. Ni mashine imara kwa kazi iliyokusudiwa, lakini kuitafutia i5-2500K ukitarajia kuiongeza kasi humo ni kulipia herufi K isiyo na kazi. Kwa mashine ya namna hiyo, i5 au i7 ya kawaida inatosha kabisa. Kinyume chake, mwenye bodi ya P67 au Z-series na prosesa isiyo na K hajafungiwa kila kitu: i5-2400 au i5-2500 za kawaida huruhusiwa hatua 4 za MHz 100 juu ya turbo yake (kasi ambayo prosesa hujipandishia yenyewe), na hatua hizo ni za bure.

"Fezi zikiwa nyingi, bodi ni bora"

Saketi inayoteremsha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na kitu inayotumiwa na prosesa hugawanywa katika fezi, yaani njia kadhaa zinazogawana mzigo, na watengenezaji wamezoea kuandika idadi yake kwenye boksi. Idadi hiyo peke yake haielezi mengi. Fezi 8 za transista hafifu zisizofunikwa na chochote zinaweza kuzidiwa na fezi 4 za transista nzuri zilizobanwa na kipoza joto cha alumini, na baadhi ya hizo 8 kwa kweli ni 4 zilizogawanywa mara mbili. Mimi hutazama kwanza kama kuna kipande cha chuma juu ya transista zile zilizo pembeni mwa soketi, kisha kama kimefungwa kwa skrubu au kimegandishwa tu kwa gundi, kisha plagi ya umeme ya prosesa ina pini 4 au 8.

Anayetaka kuona tofauti hii kwa macho aangalie AMD FX-8350 ya mwaka 2012. Prosesa zote za FX zina kizidishi kilichofunguliwa, kwa hiyo wengi huamini kwamba hata bodi ya bei ya chini kabisa ya AM3+, soketi ya prosesa hizo, itatosha. Prosesa hii imekadiriwa wati 125 kabla hujagusa chochote, wakati bodi nyingi ndogo zenye chipseti ya 760G ziliorodheshwa kwa wati 95 tu. Ukiipa kazi nzito kwenye bodi kama hiyo, utaiona kasi ikiporomoka kutoka GHz 4.0 hadi GHz 1.4 kwa sekunde kadhaa, ikapanda, ikaporomoka tena, huku joto la prosesa likiwa la kawaida. Inayojiokoa hapo ni bodi, kwa kuwa transista zake zimechemka. Hakuna kipoza joto cha prosesa kitakachoponya hali hiyo.

"Kipoza maji ndicho suluhisho"

Kuna mambo mawili yanachanganywa hapa. La kwanza ni kiasi cha joto. Umeme unaotumiwa na prosesa hukua sawia na kasi, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Tuseme prosesa imetoka GHz 3.3 kwa volti 1.20 ikaenda GHz 4.5 kwa volti 1.35: kasi imeongezeka mara 1.36, na mraba wa uwiano wa volti ni 1.27, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto imepanda mara 1.7 hivi. Ndiyo maana volti ndogo ya ziada mwishoni mwa safari hugharimu kuliko inavyoonekana, na ndiyo maana napendelea mtu ashuke MHz 100 kuliko kununua kipoza maji chenye rejeta (sehemu inayoachia joto hewani) kubwa zaidi.

La pili ni mahali joto linapokwenda. Maji hayaliondoi joto duniani; yanalisafirisha hadi kwenye rejeta, na rejeta inaliachia hewa ileile ya chumba. Kipoza maji cha kufungwa chenye rejeta ya milimita 120 hakina ubora wa maana juu ya mnara mzuri wa hewa wenye mabomba ya shaba na feni ya ukubwa huohuo, na kina pampu ambayo siku moja itakufa. Isitoshe, feni iliyokuja na prosesa hupuliza kuelekea chini, na upepo wake huburudisha transista za bodi bila mtu kukusudia. Ukiiondoa ukaweka kichwa cha maji, upepo huo unakatika. Mwenye FX kwenye bodi dhaifu anaweza kuweka kipoza maji cha bei mbaya na kasi ikaporomoka zaidi ya awali, wakati feni ndogo iliyoelekezwa pembeni mwa soketi ingemsaidia kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa sababu hiyohiyo, nyuzi joto zinazoandikwa na wapimaji wa Ulaya au Marekani zisomwe kwa kukumbuka chumba chao. Kipoza kinachoiacha prosesa nyuzi 45 juu ya hewa inayoizunguka kitaonyesha 67 katika chumba cha nyuzi 22, na 77 katika chumba cha nyuzi 32 huko Mombasa mwezi Februari. Kipoza ni kilekile.

"Prosesa mpya zaidi ya soketi ileile hupoa kirahisi"

Core i5-3570K ya mwaka 2012 imekadiriwa wati 77, dhidi ya 95 za 2500K, kwa hiyo dhana hii ina mvuto. Lakini kipande cha silikoni chenyewe kilipungua kutoka takriban milimita za mraba 216 hadi 160, hivyo joto linatoka kupitia eneo dogo zaidi, na chini ya kofia ya chuma Intel iliweka pesti ya kupitisha joto badala ya solda (chuma cha kuchomelea) iliyotumika kwenye 2500K. Kwa kasi ya kiwandani haijalishi. Ukipandisha volti, i5-3570K huwa ya moto haraka kuliko mtangulizi wake, na kubadilisha pesti ya nje hakugusi ile iliyo ndani. Kumbuka pia kwamba bodi za P67 na Z68 zinahitaji BIOS (programu ya kuwashia bodi) mpya kabla ya kuipokea, na kuibadilisha BIOS hiyo mara nyingi hudai uwe na prosesa ya zamani zaidi ya soketi hiyo, kama 2500K, mkononi.

"Bodi ikiwaka dukani, ni nzima"

Bodi hizi zina zaidi ya miaka 10. Iinamishe kwenye mwanga wa pembeni uangalie pini za soketi: safu zote zinapaswa kumeta kwa mpangilio mmoja, na pini iliyolala huonekana kama doa jeusi katikati ya mistari. Pini moja tu iliyopinda inaweza kuizima njia moja ya kumbukumbu (RAM) huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Tazama vichwa vya kapasita. Kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kimekwisha. Kwa P67 na H67 kuna jambo la ziada: tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kasoro katika chipseti hizo, ambapo bandari za SATA za Gb 3 kwa sekunde huchakaa kadiri muda unavyopita. Bodi zilizorekebishwa huitwa B3. Ukikuta isiyo B3, tumia zile bandari mbili za Gb 6 pekee.

"Ikifika kwenye Windows, kasi imekubali"

Kufika kwenye Windows hakuthibitishi chochote. Weka volti kwa mkono badala ya kuiachia bodi ichague, kwa sababu bodi ikiachiwa huongeza kuliko inavyohitajika. Kwa 2500K mimi nisingevuka 1.35 kwa matumizi ya kila siku. Kisha endesha Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa kazi nzito, kwa saa kadhaa mchana, wakati wa joto kali, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, na ukimaliza fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute makosa ya WHEA, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Hata kosa moja lililosahihishwa kimyakimya linamaanisha kwamba volti ni ndogo au kasi ni kubwa, na kwa prosesa ya umri huu kinachofaa kupunguzwa ni kasi.