Elektrolaiti, au ile chumvi inayobaki kwenye fulana

Simama Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, saa saba mchana, uangalie mgongo wa kuli aliyeanza kushusha magunia ya dagaa alfajiri. Fulana yake nyeusi imechorwa michirizi myeupe, utadhani ramani ya visiwa vya Ukerewe. Maji ya jasho yameshakauka, na kilichobaki kwenye kitambaa ni chumvi. Chumvi hiyo ndiyo elektrolaiti.

Kwa lugha ya darasani, elektrolaiti ni madini ambayo yakiyeyuka kwenye maji huachana na kuwa chembe zenye chaji ya umeme. Chumvi ya jikoni hugawanyika kuwa sodiamu na kloraidi. Ndugu zao ni potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Neva hutumia chaji hizo kupelekeana taarifa, na misuli, moyo ukiwamo, huzitumia kukaza na kulegea. Sodiamu ina kazi ya ziada: mahali ilipo, maji huifuata.

Kwa hiyo mtu aliyevuja jasho saa nyingi, kisha akanywa maji matupu chupa juu ya chupa bila kula kitu, anaweza kuizimua sodiamu iliyobaki kwenye damu. Kichwa humuuma, kichefuchefu humshika, naye anadhani maji hayajamtosha, anaongeza mengine. Ziwa letu lenyewe ni la maji baridi, maana yake hayana chumvi ya kutajika. Kuyachemsha ni lazima, lakini hakurudishi ulichokitoa.

Sasa sukari inaingiaje hapa? Wengi hudhani ni ya kuficha ladha ya chumvi. Sivyo. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vipitisho vinavyochukua glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na sodiamu kwa pamoja, kama kivuko kisichong'oa nanga mpaka abiria na mzigo wake wawe ndani. Vyote viwili vikivuka, maji huvifuata. Uzuri wake ni kwamba njia hii huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha kwa kipindupindu. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitegemea katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokuwa zinamwishia. Aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Mchanganyiko wa nyumbani hutengenezwa hivi: maji safi lita 1, yaliyochemka na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka punje ziishe. Kijiko kiwe mfuto, yaani ukipitishie kisu juu kiwe sawa. Lumbesa tumezoea kwenye viazi na vitunguu. Huku haifai kabisa. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza tumboni na kuharisha kunaongezeka, ndiyo sababu soda si mbadala. Onja kabla ya kumpa mtu: isizidi ukali wa machozi. Ukikamulia ndimu au chungwa utapata ladha na potasiamu kidogo.

Na dafu? Linasifiwa mno, na ni kweli lina potasiamu nyingi. Ila sodiamu yake ni ndogo, wakati jasho hutoa sodiamu zaidi. Tena hapa Mwanza linafika likiwa limesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, na bei yake inakukumbusha safari hiyo. Kunywa kwa raha zako, lakini kwa kuli wetu, maji pamoja na sahani ya ugali, mchuzi wa sato na mboga yenye chumvi vinamtosha siku nyingi. Mtu wa ofisini anayeshinda kwenye feni hahitaji kuchanganya chochote. Maji na chakula cha kawaida vinamaliza kazi. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi kwa sababu tu ameona watu wanakunywa, na mwenye kisukari aulize kwanza kuhusu ile sukari.

Mtoto anayeharisha ni habari nyingine. Kwake pakiti ya ORS, ile tunayoiita maji ya chumvichumvi, ndiyo bora, kwa kuwa ina potasiamu na sitrati ambazo jikoni huwezi kuzipima. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa kushikizia wakati pakiti inatafutwa. Mpe kwa kijiko, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, mkojo ukikatika, akilegea au akishindwa kunywa, usikae kukoroga chupa nyingine: mbebe, piga bodaboda, mkimbize kituoni.

Uliyochanganya leo yafunike na yatumike ndani ya saa 24. Yakibaki, mwaga, usuuze jagi, uanze upya.