Mbwa wako hakijutii kiatu, anakuogopa wewe

Unarudi jioni, unafungua mlango, unakuta kiatu chako cha ngozi kimebaki kisigino. Mbwa yuko pembeni, amelaza masikio, amefyata mkia, anakutazama kwa jicho la upande. Unasema moyoni: huyu anajua alichokosa. Unamsogezea kiatu puani, unamkaripia, pengine na kofi juu. Kesho yake anatafuna kingine.

Kesi hii tunaipokea mara kwa mara kliniki, tena kutoka kwa watu wanaowapenda mbwa wao kwelikweli. Shida ni kwamba wanamhukumu mbwa kwa akili ya mtu.

Mwaka 2009, mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hili kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula, na wakati mwingine alidanganywa. Ule uso wa "nimekosa" haukuandamana na kosa, uliandamana na karipio. Waliokaripiwa bila hatia ndio waliouonyesha zaidi. Mbwa alikuwa akisoma sauti ya bwana wake na mwili wake, na kujaribu kumtuliza.

Mbwa huunganisha tendo na kile kinachofuata papo hapo, sekunde moja au mbili. Kiatu kilitafunwa saa sita mchana, kofi limefika saa kumi na mbili jioni. Kwake yeye, kofi hilo linahusu wewe kuingia mlangoni. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliwaona mbwa wake wakidondokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa ishara tu ya kwamba kinakuja. Hofu nayo hujengeka kwa njia hiyohiyo, na sauti ya ufunguo wako inatosha kuwa ishara.

Tuchukue suala la kukojoa ndani, maana ndilo linalowashinda wengi. Mtoto wa mbwa hubanwa akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Mtazame: ataacha ghafla alichokuwa anafanya, pua itashuka sakafuni, ataanza kuzunguka. Hapo mbebe umtoe nje, usimame kimya. Akimaliza tu, kabla hajapiga hatua, msifu na umpe kipande kidogo cha nyama. Wengi humpa wakisharudi ndani, na anachojifunza ni kwamba kurudi ndani kuna malipo. (Kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa mbwa wangu wa kwanza, na shahada ya udaktari wa wanyama ilikuwa tayari ukutani.) Ukikuta ameshakojoa, safisha unyamaze, lakini safisha mpaka harufu iishe, la sivyo pua yake itamrudisha palepale. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha jambo moja tu: kujificha nyuma ya kochi anapobanwa.

Neno "njoo" nalo watu huliharibu wenyewe. Wanamwita mbwa ili wamkaripie, wamwogeshe, au wamfunge wakati mchezo umekolea. Baada ya wiki chache anasikia vizuri kabisa, ila haji. Mwite mara nyingi bila sababu, akija mpe kitu anachopenda, mwachie arudi kucheza.

Wapo wanaoshauri umlaze chali kwa nguvu ili ajue nani mkubwa. Dhana hiyo ilitokana na kuwachunguza mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja bila undugu. Porini, kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu hao ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza sana dhana hiyo, aliisahihisha mwenyewe baadaye.

La mwisho ni kunguruma. Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Hilo ni onyo, na akizibwa mdomo hapo, siku nyingine atauma bila kuonya. Rudi nyuma polepole, umwache, kisha ujiulize nini kilimkera. Na kama mbwa aliyekuwa mpole ameanza ghafla kunguruma anapoguswa kichwani, ahirisha mafunzo umlete apimwe: huenda sikio lina usaha au jino limeoza.