Mbunge mwanamke wa wilaya sio "viti maalum", tuelewane

Jamani hii imenichosha. Kila tukiingia msimu wa kampeni hapa Uganda, kwenye magrupu ya WhatsApp ya sisi watu wa Kiswahili, kuanzia Busia mpaka Bwera, lazima atokee mtu aandike "huyo mama ni wa viti maalum tu, kiti alipewa". Alipewa na nani sasa?

Hiki kiti cha mbunge mwanamke wa wilaya kinatokana na hatua maalum, na maana yake ni fupi. Katiba ya 1995, kifungu cha 32, inaitaka serikali ichukue hatua maalum kwa makundi yaliyoachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au sababu nyingine iliyotokana na historia, mila au desturi, na kifungu cha 33 kinarudia kwamba kwa wanawake hiyo ni haki yao. Basi. Watu wanaita upendeleo, na mimi sina shida na hilo, ni upendeleo kweli, ila umeandikiwa sababu yake. Kwenye siasa umezaa vitu viwili vikubwa: kila wilaya iwe na mbunge mwanamke mmoja, na theluthi moja ya kila baraza la serikali ya mtaa iwe ya wanawake.

Sasa hivyo viti maalum ni mambo ya Tanzania. Kule vyama ndo vinapeleka majina, viti vinagawanywa kufuatana na kura ambazo chama kimepata, wewe mpiga kura huyo mama humuoni kwenye karatasi yoyote. Huku kwetu siku ya kura unapewa karatasi ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya mbunge mwanamke wa wilaya, wanaogombea hiyo ya tatu ni wanawake peke yao lakini wanaopiga kura ni sisi wote, kuanzia kijana wa boda mpaka mzee mwenye duka, na kura ya mwanaume inahesabiwa kama ya mwanamke. Tena huyo mama anahangaika kuliko mwenzake wa jimbo. Kampala ina majimbo 9, kila jimbo na mbunge wake, lakini anayetaka kuwa mbunge mwanamke wa Kampala inabidi aombe kura kwenye yote 9. Kama unatafuta wa kutufananisha nao angalia Kenya, kule tangu katiba ya 2010 wana wawakilishi wanawake 47, mmoja kila kaunti, na wao wanapigiwa kura na wananchi.

Ila nikubali, hayo maneno ya "alipewa" hayakutoka hewani. Viti hivi vilipoanza 1989, wakati bunge lilikuwa bado linaitwa NRC (National Resistance Council), na hata kwenye uchaguzi wa 1996 na 2001, mbunge mwanamke alikuwa anachaguliwa na kikundi kidogo cha viongozi wa mabaraza, mwananchi wa kawaida anakaa nyumbani anasubiri kuambiwa. Hapo ukisema walikuwa wanapangana wenyewe kwa wenyewe siwezi kukubishia sana. Lakini 2006 ikabadilika, wote tukaanza kupiga kura, na kuna watu mpaka leo wako 2001.

Upotoshaji mwingine wa familia hiyohiyo unahusu ile pointi moja na nusu, ambayo ilianzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990. Msichana anayeomba nafasi chuo cha serikali anaongezewa 1.5 juu ya pointi zake za S6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari. Mlangoni tu! Akishaingia darasani mtihani ni uleule na masahihisho ni yaleyale, hakuna digrii ya pointi moja na nusu kama vijana wanavyopenda kutania. Na yule aliyeozwa kabla hajafika S6 hiyo pointi haimfikii kabisa, kwa hiyo ukitaka kulalamika lalamikia hapo.

Halafu kuna kosa ambalo mimi linaniuma zaidi, la kudhani kiti cha wilaya ndo sehemu pekee ya mwanamke. Mama akichukua fomu ya jimbo wazee wanamwambia "mama, kiti chenu kiko kule, tuachie hiki". Katiba haijasema hivyo popote! Winnie Byanyima alishinda jimbo la Manispaa ya Mbarara, marehemu Cecilia Ogwal alishinda la Manispaa ya Lira, na hakuna aliyewapisha. Lakini angalia uchaguzi wa 2021: majimbo yalikuwa 353, viti vya wanawake vya wilaya na majiji 146, na wanawake walioshinda majimbo hawakufika hata 20. Yaani hesabu ya wanawake bungeni imepanda kwa sehemu kubwa kwa sababu wilaya zimekatwakatwa, katiba ilipopitishwa zilikuwa 39 na sasa ziko 135 bila kuhesabu Kampala, kila wilaya mpya inakuja na kiti chake. Wanaotetea viti hivi wakitaja tu jumla ya wanawake bungeni bila kusema hilo na wao wanatupotosha kidogo.

Na hata siyo vya milele. Kifungu cha 78 kinasema baada ya miaka kumi ya mwanzo, kisha kila miaka mitano, Bunge livipitie upya kuona kama vibaki, viongezwe au vifutwe, kwa hiyo anayeona havifai kazi yake ni kubana wabunge hapo.

Basi ndugu zangu, ukitaka kumsema mama yetu kwa barabara mbovu au kwa kupotea tangu kampeni, mseme, ni haki yako. Andika tu "mbunge mwanamke wa wilaya", na pale ulipotaka kuandika "alipewa" andika "tulimchagua".