Chini ya turubai la buluu

Harusi nyingi ninazopiga picha hapa Mtwara hufanyika uani, chini ya turubai. Likiwa jeupe, kazi nyepesi. Likiwa la buluu, kila kilicho chini yake kinaingia ubuluu: shela, wali kwenye sinia, uso wa bibi harusi. Sisi tuliopo hatuoni kitu, macho yanazoea mwanga upesi. Kamera haizoei.

Harusi moja ya Mikindani niliiacha kamera kwenye oto, ijipimie rangi yenyewe, nikapiga JPEG, yaani picha ambazo kamera imeshazikamilisha rangi, mchana kutwa. Mama mzazi alipoziona picha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani binti yangu siku ile alikuwa anaumwa?" Ngozi ya maji ya kunde ilikuwa imepauka kama jivu. Niliumia sana. Nilihangaika siku tatu kwenye kompyuta na bado haikurudi ilivyokuwa.

Kosa lilikuwa kwenye mizani ya weupe, yaani kuiambia kamera mwanga uliopo una rangi gani, ili cheupe kitoke cheupe. Rangi hiyo hupimwa kwa Kelvini: mshumaa kama 1,900, balbu ya waya kama 2,700, jua la mchana 5,500, kivulini 7,000 na zaidi. Namba ikipanda, mwanga unaelekea kwenye ubuluu. Oto inakisia tu kwa kutazama rangi zilizomo kwenye picha. Jaza fremu kwa kanga nyekundu, nayo yaweza kudhani mwanga ndio mwekundu, ikaifubaza kanga ya watu.

Siku hizi natembea na kadi ya kijivu kisichoegemea rangi yoyote. Namwomba somo aishike mbele ya uso wa bibi harusi, ielekee kwangu. Nasogea mpaka kadi ijae katikati ya fremu, naangalia kivuli changu kisiiguse, napiga, kisha kwenye menyu naichagua picha hiyo iwe kipimo. Hapo hapo alipo bibi harusi! Ukiishika kadi nje juani umepima jua, hukupima turubai. Wakihamia barazani, napima upya.

Karatasi ya printa sikushauri. Nyingi zina dawa ya kung'arisha inayotoa ubuluu zikipigwa na jua, kwa hiyo kipimo kinavuta picha kwenye umanjano.

Napiga pia RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalikamilisha rangi, maana humo mizani hubadilishwa baadaye bila kuharibu picha: nabofya kwenye kadi, kipimo nakihamishia kwenye picha zote za mwanga ule ule.

Kinachoshinda kadi na RAW pamoja ni mwanga wa kuchanganyika. Bibi harusi akikaa ukingoni, shavu moja linapigwa na jua, la pili linapokea buluu ya turubai. Ukiponya moja, unaliharibu jingine. Ndiyo maana nafika kabla ya wageni, nikawaombe akina mama wakisogeze kiti chake ndani hatua mbili tatu, jua lisimfikie.