Chuo kikija mtaani kwenu, usikimbilie kuuza kiwanja

Tangu habari za kampasi ya MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) Kigoma zianze kuzagaa, swali ninaloulizwa sana ni "mtaalamu, niuze saa hizi au nisubiri?" Mi ni mthamini wa ardhi, kwahiyo naelewa kwanini watu wananiuliza. Kampasi hii iko chini ya mradi wa HEET, ule mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia unaopeleka vyuo vikuu mikoani, na hela ya namna hiyo ikitajwa tu madalali wanakuwa wameshafika.

Watu wengi wanadhani anayeumia chuo kikija ni yule anayehamishwa. Mimi naona huyo ana afadhali, maana ana sheria mkononi. Kanuni za fidia za 2001 zinasema analipwa thamani ya ardhi na maendelezo (yaani nyumba, miti na mazao yaliyopo juu yake), posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na kama alikuwa na biashara, faida ya miezi 36. Halafu Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema taarifa ya uthamini ikishaidhinishwa hela itoke ndani ya miezi sita, ikichelewa inazaa riba, na ikipita miaka miwili uthamini unarudiwa upya.

Ila hapo kwenye maendelezo kuwa makini, hasa sisi wa Kigoma na michikichi yetu. Siku ya uthamini unapigwa picha umeshika kibao chenye namba yako, tunazunguka shamba na wewe na mwenyekiti wa mtaa, tunahesabu mti mmoja mmoja, na mchikichi unaozaa haulingani bei na mche wa juzi. Sasa mtu anamtuma kijana wa form two akamwakilishe, yeye kaenda mnadani! Kijana anasaini kwamba miche ni ishirini, kumbe nyuma ya nyumba kuna miti mikubwa inayozaa hajaionyesha. Ukishasaini kuja kubishana baadae ni kazi kwelikweli.

Anayeumia kimyakimya ni jirani wa nje ya mpaka wa eneo la chuo. Huyu hafidiwi, hana fomu wala hana kibao, anakuja dalali na cash anamwambia "mama, hapa baadae patachukuliwa bure, bora uuze tu", mama anauza, na chuo kikifunguliwa pale panasimama hosteli ya ghorofa mbili na yeye anauza maandazi getini kwenye kiwanja kilichokuwa chake. Kwa kweli maneno hayo ya dalali ni uongo wa mchana, serikali ikitwaa ardhi inalipa.

Wa pili ni mpangaji. Bumu la mwanafunzi, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, na mwenye nyumba akijua hilo hapangi tena bei kwa kumwangalia muuza dagaa wa Kibirizi, anapanga kwa wanafunzi watatu wanaochangia geto moja na anataka ya semesta nzima kwa mkupuo. Muuza dagaa anasogea pembeni, huko maji ya bomba hayajafika. Kwa bahati nzuri miradi ya Benki ya Dunia ina masharti yake ya mazingira na jamii, yaliyoanza kutumika 2018, yanayomtambua hata mtu asiye na hati, ila kwa yule aliyepo kwenye eneo linalotwaliwa. Huyu wa mtaa wa pili kodi ikipanda ni juu yake.

Biashara zitakuwepo, sikatai, stationari, mama lishe, bodaboda, saluni. Ila chuo kina likizo, na mtu aliyekopa hela ya kufungua mgahawa akapiga hesabu ya miezi 12 ya wateja atakuja kushangaa mtaa ulivyokauka wanafunzi wakienda makwao.

Kwahiyo kwa anayeuliza auze au asubiri: kama huna shida ya haraka, pima kwanza, kiwanja kilichopimwa na ambacho hakijapimwa havina bei moja. Kama lazima uuze kata kipande, ubaki na cha barabarani. Usiandikishane kwa dalali, nendeni serikali ya mtaa na mashahidi, na kama ni nyumba ya familia mwenza lazima aridhie, ipo kwenye kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kuna mauzo mengi tu yamefia hapo.