Anapepesa macho, anakohoa bila kikohozi: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miaka saba anapepesa macho na kukunja pua kutwa nzima. Macho yamepimwa, ni mazima. Ni tabia mbaya?

Si tabia wala utundu. Hiyo huitwa tiki: msuli unacheza ghafla, upesi, tena na tena, bila mtoto kupanga. Mwingine hupandisha bega, mwingine husafisha koo au kuguna. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, huzidi kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua wakishabalehe. Tiki kadhaa za mwili pamoja na za sauti zikizidi mwaka mmoja, daktari huzungumzia ugonjwa wa Tourette, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1885. Kuropoka matusi huwapata wachache tu.

Mbona nikimkemea anaacha?

Kwa muda, ndiyo, kama unavyobana chafya msikitini au kanisani. Jaribu kutopepesa macho mpaka umalize aya hii. Watoto wakubwa kidogo husema huhisi kama muwasho kwanza, na hautulii mpaka msuli ucheze. Ndiyo maana wengine hujibana shuleni siku nzima, wakifika nyumbani zinafumka zote. Mama huona amedharauliwa, kumbe hapo ndipo mtoto anapojisikia salama.

Wasiwasi unaingiaje?

Asili ya tiki iko kwenye ubongo na mara nyingi hurithiwa. Ulizia, huenda yupo mjomba aliyekuwa hivyohivyo. Wasiwasi huzichochea tu, sawa na uchovu, mtihani, hata furaha ya kusubiri Idi. Ila watoto wengi wenye tiki wana wasiwasi pia, na mtoto hasemi "nina wasiwasi." Husema tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, au anakuuliza mara kumi kama kweli utamfuata shuleni. Halafu anaogopa kuchekwa, tiki zinazidi, anachekwa kweli.

Nifanye nini nyumbani?

Usizitaje tiki zake. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa bibi akiwepo na "acha kukonyeza watu!" yake. Zungumza na bibi faraghani. Hakikisha mtoto analala mapema.

Kwenye hofu, wazazi hukosea pande mbili. Wapo wanaosema "mtoto wa kiume haogopi," naye anajifunza kuficha. Wapo wanaomwondolea kila kinachomtisha, na hofu inanenepa. Anaogopa kwenda dukani? Leo nendeni wote, anunue yeye. Kesho simama nje. Keshokutwa subiri mlangoni kwenu. Tumbo likiuma na homa hakuna, mpe pole, mshike mkono, aende shule hivyohivyo.

Mwalimu anamchapa kwa "kelele" darasani.

Nenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, usitume ujumbe. Mwambie ni hali ya kiafya, fimbo huiongeza. Omba mawili: asiigizwe mbele ya wenzake, na tiki zikizidi aruhusiwe kutoka dakika chache. Mtoto naye mpe jibu fupi la kuwaambia wenzake: "Misuli yangu inacheza, haiambukizi."

Si kifafa, au mashetani?

Kwenye degedege nyingi za kifafa mtoto hupotewa na fahamu au haitiki akiitwa. Kwenye tiki anakusikia na anajijua. Kumwombea si vibaya. Kumfunga, kumfukiza moshi au kumnyima chakula ni kumuumiza.

Niende hospitali lini?

Haraka sana kama amepoteza fahamu, au kama miondoko haina mpangilio, anaangusha vikombe, mwandiko umeharibika na maneno yanaburuzika. Hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ifuatayo maambukizi ya koo, na huweza kuharibu valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu. Nenda siku hiyohiyo pia akisema anataka kufa. Usichelewe tiki zikimuumiza au akigoma shule. Anza hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya kliniki ya watoto au afya ya akili. Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam, kwa mfano, ina idara ya afya ya akili. Mtoto huweza kufundishwa kuutambua ule muwasho na kuizuia tiki kwa mwondoko mwingine. Dawa ni za wachache, na si za kujinunulia duka la dawa.

Mwombe mtoto umrekodi kidogo kwa simu kabla ya kwenda, maana tiki hupenda kujificha mbele ya daktari. Video hiyo usiitume kwenye kundi la ukoo.